Ua wa Mwalimu Trizah

Wifi yangu Trizah alifundisha darasa la kwanza hapa Awendo mpaka serikali ikamwambia aende nyumbani apumzike. Nyumbani kwenyewe kulikuwa kwa baba yake, kwa sababu hakuolewa. Wanaume walikuja, nisidanganye. Mmoja alimwandikia barua ya posa, akarudishiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu.

Mimi ni mjane wa kaka yake mkubwa. Nyumba zetu zilitazamana, na jioni tulichambua mboga pamoja tukiwasengenya watu. Siku moja, miguu yake ikiwa imevimba hata viatu haviingii, akaniuliza, "Wifi, mimi mtanizika wapi?"

Nikamwambia tutamzika na ubao wake, asije akakaa bure. Hakucheka. Aliangalia ua wa nyuma, pale miwa inapoanzia.

"Nimelea watoto wa boma hili lote," akasema. "Msinitupe nje."

Nilijua anachoogopa. Kwetu Wajaluo, binti asiyeolewa hazikwi ndani ya ua wa baba yake. Akizikwa ndani, wasichana wa nyumba hiyo watakosa waume. Ndivyo tulivyoambiwa, na hakuna aliyetaka kujaribu.

Alikufa mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Wanafunzi wake wa zamani walijaza tenti mbili: wachungaji, madereva wa malori ya miwa, hata mwizi mmoja wa kuku ninayemjua, ambaye alisoma zaburi bila kukwama. Walimsifu mpaka chakula kikapoa. Nikamwendea shemeji yangu Cephas, mdogo wa Trizah, nikamwomba tumzike kando ya mama yake. Akanijibu kwamba sheria hiyo hakuitunga yeye, na kwamba ana mabinti. Basi wakatoboa pengo kwenye ua wa nyuma, wakampitisha hapo kama mzigo wa kuni, wakamzika ukingoni mwa miwa.

Sheria ilisema azikwe nje. Haikusema ua usimfuate.

Wiki iliyofuata nikakata matawi ya ojuok, ule mti wa ua wenye utomvu mweupe unaochoma macho, nikaanza kuyapanda kwenye matope ng'ambo ya kaburi. Cephas akaja akayang'oa. Alisema ua wa boma huwekwa na mwanamume. Nikamwambia basi amwamshe kaka yake aje atusaidie, ingawa hata alipokuwa hai kumwamsha ilikuwa kazi. Nikapanda tena, akang'oa tena. Utomvu ulinivimbisha macho, majirani wakafurahi kwamba hatimaye nimelia.

Ndipo Edith, kifungua mimba wa Cephas, akaja kutoka Homa Bay anakofundisha. Amepita arobaini, hana mume, na siku hizi hakuna anayemuuliza. Alivua viatu, akachukua matawi, akaanza kupanda upande wake. Cephas akatokea na panga.

"Edith, toka hapo."

"Baba, hapa unaponitoa ndipo utakaponileta."

Cephas akashusha panga. Kisha akageuka, akarudi nyumbani kwake.

Nilitafuta neno la kumchekesha Edith, lakini nikaona safu yake haikuja kukutana na yangu. Ilikuwa imelipita kaburi, imeingia ndani kabisa ya miwa. Nikamwambia anapoteza matawi, akate kona hapa.

"Mama mkubwa," akasema bila kuinua kichwa, "acha nafasi."

Nikang'oa yangu yote, nikaenda kuyapanda kule alikokuwa yeye.