Kamba Nzima

Fundi wa lifti waliyembandika jina la Kitambaa hakuwa amelia mbele ya mtu tangu siku ya mazishi ya mama yake. Siku alipowekewa lenzi ngumu alilia dakika arobaini mfululizo, na hakuwa na huzuni yoyote. Jicho tu lilimkataa mgeni. Daktari wa macho, mama mmoja mwembamba asiyejua utani, alikaa pembeni akiandika mambo yake na kumwacha atiririke.

"Unahisi nini?"

"Nahisi umenitia mchanga, daktari."

"Vizuri. Usifikiche."

Kioo cha mbele cha macho yake kilikuwa kimekonda na kuchongoka mwaka hadi mwaka, ndiyo maana taa moja aliiona tatu, na nyuso za watu aliziona zina mikia. Miwani haikufua dafu. Lenzi zenyewe zilikuwa ndogo kuliko kifungo cha shati, na masharti yake yalikuwa mengi. Azivae kwa saa mbili siku ya kwanza, kisha aongeze nusu saa kila siku. Asizioshe kwa maji ya bomba hata siku moja. Na vumbi likiingia chini ya lenzi, aitoe papo hapo.

"Kazini kwako kuna vumbi?" daktari aliuliza.

"Kidogo tu."

Alidanganya bila haya, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. Uongo alikuwa ameuzoea. Kwa miaka miwili alikuwa akikagua lifti za majengo kumi na mawili bila kuziona, na mtu wa aina hiyo haoni shida kumdanganya daktari.

Jina la Kitambaa lilitokana na namna yake ya kukagua. Mafundi wengine walimulika kamba za chuma kwa tochi na kuzikodolea macho inchi kwa inchi. Yeye alizungushia kamba kitambaa cha pamba, akaiacha ipite polepole mkononi. Uzi wa chuma uliokatika ungekinasa kitambaa, naye angejua. Wenzake walimsifu kwamba ana macho vidoleni. Wakampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka mwenyewe akaamini, akasahau kwamba alianza kutumia kitambaa siku ile tochi ilipoacha kumsaidia. Na kwa kuwa kutu nayo hakuiona, kila mwezi alizipaka kamba grisi kwa ukarimu, na kitambaa kikateleza vizuri zaidi.

Siku ya tatu ya lenzi, akiwa nyumbani mchana, alianza kuona vitu. Aliona ufa juu ya dirisha na mvi za mke wake, akanyamaza kama mume mwenye akili. Kisha akainama kutafuta kandambili chini ya kitanda, akakuta jozi nne za viatu vya mkewe vya kazini. Vyote vilikuwa vimelika mbele, penye vidole, soli imebaki nyembamba kama karatasi. Visigino vilikuwa vizima.

"Mama Pacha, unatembeaje wewe? Mbona viatu vimeliwa mbele tu?"

Mkewe alikuwa akipiga pasi. Alirudia kola aliyokwisha kuinyoosha.

"Napanda ngazi. Si niliambiwa nina presha?"

"Ghorofa nane?"

"Mazoezi hayo, Baba Pacha. Na wewe ungepanda, tumbo lingerudi ndani."

Alicheka, naye akacheka. Usiku hakulikumbuka tena.

Siku ya tano ilikuwa zamu ya kukagua jengo lenyewe alikofanya kazi mkewe, karani wa masijala katika ofisi ya mawakili ghorofa ya nane. Kitambaa alipanda mpaka chumba cha mashine kilichoko juu ya paa, akatandika taulo safi juu ya sanduku la vifaa, akaosha mikono kwa maji ya chupa na sabuni. Akavaa lenzi, ya kulia kisha ya kushoto, huku akimlaani aliyezibuni. Siku hiyo aliruhusiwa saa nne. Mchomo ulipopoa, akafungua macho.

Gurudumu kubwa lilikuwa likizunguka, kamba nne zikipita juu yake, watu wakipandishwa kuanza kazi. Chini ya gurudumu, sakafuni, kulikuwa na unga mwekundu. Hakuwa amewahi kuuona. Akajaribu kuufuta kwa kiatu, kama mtu aliyekuta uchafu wa jirani mlangoni pake, kisha akaacha, maana fundi yeyote anajua unga huo unatoka wapi. Ni kutu ya ndani ya kamba, na hutoka pale nyuzi zinapokuwa zimeanza kusagana.

Lifti iliposimama, alichota grisi kwa ukucha kutoka kamba ya pili. Chini yake, ndani ya mifereji ambamo nyuzi hulaliana, aliona ncha. Alihesabu nyuzi sita zilizokatika katika urefu wa kiganja. Akafuta kamba ya tatu, akafika tisa, akaacha kuhesabu. Zilikuwa zimekatikia kwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki hata ukivute mwaka mzima.

Gurudumu likaanza tena kuzunguka. Kamba ya tatu ilipokunja juu ya gurudumu ilitoa sauti ndogo, tik, na chembe ya kutu ikaruka ikamwingia jicho la kulia.

Ambaye hajavaa lenzi ngumu asijifanye anajua uchungu huo. Kitambaa alipiga magoti. Jicho lilijifunga lenyewe, na alipolifungua kwa vidole lenzi ikamdondokea kiganjani. Akaitoa na ya kushoto, kwa hofu tu. Alipoinua uso, chumba kilikuwa kimetulia. Unga mwekundu umetoweka sakafuni. Kamba zilikuwa nne, tena nane, tena kumi na mbili, nyeusi, laini, zinang'aa. Hakukuwa na ubaya wowote.

Kadi ya ukaguzi ilining'inia ukutani pamoja na kalamu yake. Kilichobaki ni mstari mmoja na sahihi. Fundi aliyekiri kwamba alisaini kipofu hapewi lifti nyingine, pengine hapewi hata uhuru wake. Alikaa sakafuni, lenzi kiganjani, na moyo ukamwambia waziwazi: usizirudishe. Aliusikiliza, niseme ukweli. Aliusikiliza kwa muda ambao lifti ilipanda na kushuka mara mbili.

Kisha akamkumbuka mkewe. Ilikuwa saa ya kuingia kazini. Akaosha lenzi kwa dawa, akazirudisha huku akiuma meno. Akampigia simu mlinzi wa mlangoni.

"Nani yumo kwenye lifti?"

"Mhazili wa mawakili na tumbo lake. Peke yake. Ndiyo kwanza mlango umefungwa."

"Usiruhusu mtu mwingine. Mke wangu ameingia?"

"Ameingia." Mlinzi akacheka. "Lakini yeye lini ukamwona kwenye lifti, Fundi? Mwaka wa pili huu ni ngazi tu, asubuhi na jioni."

Mkono wa Kitambaa ulikuwa juu ya swichi kuu, na hakuthubutu kuikata, kwa sababu breki ingeshika ghafla na mshtuko huo ndio kamba zilikuwa zikiungoja. Mhazili alikuwa na mimba ya miezi minane. Akahesabu kwa alama zilizopakwa kwenye kamba: ghorofa ya tatu. Ya nne. Kamba ya tatu ikatoa tik, na uzi mmoja ukachomoza, ukasimama. Ya sita. Alijikuta akiomba kwa sauti, kwa maneno aliyofundishwa utotoni. Ya nane. Mlango ukafunguka chini yake, visigino vikasikika vikitoka taratibu. Akakata umeme.

Alinyofoa kadi ukutani akashuka ngazi. Alimkuta mkewe kati ya ghorofa ya sita na ya saba, viatu vipya mkononi ili navyo visilike, anapanda bila hata kuhema. Alipomwona mumewe na macho yake mekundu, alisimama.

Kitambaa alimnyooshea kadi. Ilikuwa mara ya kwanza kuisoma. Kila mwezi, kwa miaka miwili, alikuwa akiichukua nyumbani na kumpa mkewe aiandike mezani kwao, eti kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Na kweli ulikuwa mzuri. Kamba nzima. Kamba nzima. Mistari ishirini na minne, na chini ya kila mmoja sahihi yake yeye, imepinda, imetoka nje ya mstari.

"Ulijua sioni," alisema.

"Ulikuwa unamimina chai nje ya kikombe. Nilijua."

"Ukaandika."

"Ulinitajia, nikaandika. Ningesema nini? Watoto wapo shule, wewe ndiye kazi yenyewe. Nilidhani mkono wako unatosha. Nilitaka kudhani."

"Lakini mwenyewe ulipanda ngazi."

Mkewe aliangalia viatu vyake.

"Na mhazili?" Kitambaa aliuliza. "Sasa hivi alikuwa ndani. Peke yake na mtoto wake."

"Nilimwambia tupande wote. Mara nyingi nilimwambia, Baba Pacha. Akanicheka. Alisema yeye anaiamini lifti hii kuliko zote, maana fundi wake ni mume wangu."

Juu yao mlango ulifunguliwa, na mhazili akaita kwa furaha kwamba umeme wa lifti umekatika, Mama Pacha amwite basi mzee wake aje aitengeneze. Kitambaa alitazama saa. Lenzi zilikuwa zimebakiwa na saa tatu, na majengo yalikuwa kumi na moja, yote na kadi zenye mwandiko uleule mzuri.

"Katika hayo mengine," alisema, "ipo lifti hata moja ambayo wewe ungeipanda?"

Mkewe aliketi kwenye ngazi akaanza kuvaa viatu, kimoja, kisha cha pili, akafunga na kamba zake.

"Hakuna," alisema.

Kitambaa akatoa simu, akawapigia wakuu wake.