Mgonjwa Bora wa Kliniki ya Jumatano

Nuria alikataa kupandisha mkono wa gauni lake. Alisimama mbele ya turubai, taji la maua ya plastiki shingoni, mgeni rasmi upande mmoja na Daktari Gregori upande mwingine, akaushika mkono wake wa kushoto kama mtu aliyevunjika. Wagonjwa wa kisukari walikuwa wamejaa kwenye viti vya kukodi, na karibu kila mmoja alikuwa na chupa ya soda. Soda. Tangu asubuhi nilikuwa nimesema mengi na hakuna aliyesikia.

Mimi ni nesi wa stashahada na mama wa watoto wanne. Hiyo sifa ya pili ndiyo iliyonifaa zaidi Kisarawe.

Nilitumwa kule kutoka Kibaha, na mradi uliokuwa ukigawa vihisi vya sukari. Kihisi ni kidude cha duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Kinabandikwa nyuma ya mkono, kinakaa wiki mbili kikisoma sukari, na mgonjwa anapumzika kutoboa vidole. Kazi yangu haikuwa kubandika. Ilikuwa kuwafundisha wahudumu wa kituo kile kuchagua: nani apewe kihisi, nani anatoshwa na mashine ya kidole, nani hata ukimpa kihisi hana simu ya kukisomea. Vihisi vyenyewe vilikuwa vichache. Nikawapa kanuni ambayo mtoto wa chekechea angeielewa: anza na yule ambaye sukari yake inakunyima raha.

Daktari Gregori alinisikiliza huku akichezea simu zake mbili. Nilipomaliza alisema, "Ahsante sana, Sista Elinipa. Ila sisi hapa tuna utaratibu wetu."

Utaratibu wao niliuona Jumatano, siku ya kliniki. Mashine za wagonjwa zilikusanywa mezani, mhudumu mmoja akafungua kumbukumbu ya kila moja na kuzisoma namba kwa sauti, watu wote wakisikia. Mwenye tano au sita alipigiwa makofi ya kilo. Mwenye kumi na nane alisimamishwa.

"Mzee Rajabu, hebu tuambie, Jumapili ulialikwa pilau kwa nani?"

Watu walicheka. Mzee Rajabu, mtu mwenye wajukuu, naye alicheka, maana angefanya nini. Daktari aliliita jambo hilo hamasa. Mimi nina jina jingine la kuliita, ila nimelelewa usharikani.

Aliyepata makofi mengi kuliko wote alikuwa Nuria. Msichana wa miaka kumi na tano, anajidunga insulini tangu darasa la nne, na namba zake zimepangika kama meno ya kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Asubuhi tano, jioni tano na nusu. Hakuna siku ya mtihani iliyozipandisha, wala siku za hedhi, wala Idi. Daktari alikuwa amezifurahia kiasi cha kumpunguzia insulini.

Mimi nilizitazama namba, kisha nikamtazama mwenye namba. Gauni lilimning'inia mabegani. Alimaliza chupa ya maji, akaenda chooni, akarudi akaomba nyingine.

"Daktari," nilimwambia pembeni, "hizi si namba za mgonjwa wa sukari. Hizi ni za mtu asiyeumwa."

"Sasa sista, si ndiyo lengo letu? Au nyie wa Kibaha mnataka waumwe ili mpate kazi?"

"Nataka apimwe hapa, mbele yangu."

"Ameshapima asubuhi, mashine imesema. Mbona unamwonea mtoto wivu?"

Kuna wajinga wanaokera na kuna wajinga wanaoua. Yeye nilikuwa bado sijamweka kundi lake. Nilipogeuka kumtafuta Nuria, alikuwa ameshachukuliwa kwenda kuvishwa taji. Kihisi cha kwanza cha kituo kile kilikuwa kiende kwa mgonjwa bora, kama zawadi. Yaani unamnunulia mwavuli mtu aliyekaa ndani, na waliolowa unawaambia wajitahidi.

Basi tukafika pale kwenye turubai.

"Pandisha mkono, binti," Daktari alisema kwenye kipaza sauti. "Haiumi hata kidogo."

Nuria hakumtazama. Alimtazama bibi yake, Bi Zuwena, aliyekaa safu ya mbele na kanga mpya ambazo hazijafuliwa bado.

"Bibi, si uvae wewe?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilidaka. Daktari alicheka kwa furaha. "Mnauona moyo huo, ndugu zangu? Anataka kumwachia bibi yake. Makofi kwake." Wakapiga. Mgeni rasmi alifuta jicho.

Mimi sikupiga. Wanangu wanne wameshanidanganya kwa kila mtindo, na sura ile naijua. Ni ya mtoto anayemwomba mtu amfanyie leo jambo ambalo mtu huyo amekuwa akimfanyia siku zote. Nikavitazama vidole vya Bi Zuwena vilivyoshika chupa. Ncha zake zilikuwa na vitundu vidogo vyeusi, kama ninavyoviona kila siku kwa wagonjwa wangu. Bi Zuwena hakuwa mgonjwa wa sukari.

Nikamshika Nuria mkono, nikamtoa pale mbele.

"Sista, tuko kwenye ratiba," alisema Daktari.

"Endeleeni nayo."

Chumba cha sindano kilikuwa kitupu, wote walikuwa kwenye sherehe. Kihisi sikukigusa. Ukikibandika kinakuweka karibu saa nzima kabla hakijasema neno, na pumzi ya yule mtoto ilikuwa inanuka kama matunda yaliyoanza kuchacha, harufu ya mwili uliokosa insulini. Nilimnawisha kidole kwa sabuni, nikamtoboa. Mashine haikutoa namba. Ilitoa lile neno inalolitoa sukari ikipita pale inapoweza kuhesabu.

Bi Zuwena alikuwa mlangoni.

"Ni kidole changu," alisema kabla sijamuuliza. "Changu kimeshika jembe miaka yote, hakisikii sindano."

"Bibi, tatizo si sindano."

"Najua, mwanangu. Walimsimamisha mara moja mbele za watu, wakamcheka. Akarudi nyumbani, chakula hali, shule haendi. Nikasema mjukuu wangu hachekwi tena. Wanataka namba nzuri? Mimi ninazo."

Sikumkaripia. Mtu wa kumkaripia alikuwa nje, na kipaza sauti bado kiko mkononi mwake.

Daktari aliingia nikiwa natafuta mshipa wa dripu. Aliisoma mashine, akaigeuza, akaigonga na kucha.

"Hii itakuwa mbovu."

"Nimepima kwa mashine mbili. Leta gari."

Alisimama akifikiri. Nilidhani anafikiria kipimo cha insulini.

"Sasa mgeni rasmi tumwambieje?" akauliza.

Hapo nikamweka kwenye kundi lake.

Siku hizi Nuria anahudhuria kliniki yetu Kibaha, kihisi kiko mkononi, na namba zake zinapanda na kushuka kama za watu wengine wote: nane, kumi na tatu, nne, kumi na moja. Kila moja tunaizungumza wawili, mlango umefungwa. Lakini nikimkumbuka, namkumbuka ndani ya lile gari, dripu imening'inizwa dirishani, kichwa kwenye mapaja ya bibi yake, tukikatia Kiluvya kwenda hospitali Kibaha.

"Sista," alisema, sauti imekauka. "Huko mkikuta iko juu, mnafanyaje?"

"Tunaongeza dawa."

"Halafu?"

"Tunapima tena."

"Basi?"

"Basi."

Tuliingia barabara ya Morogoro, nikafikiri labda amepitiwa na usingizi, nikainama kumwangalia. Macho yalikuwa wazi. Ameuma meno, uso umekunjamana kwa hasira, hasira ya mtu aliyegundua kwamba alichoogopeshwa nacho muda wote ule kilikuwa ni hicho tu.

Nikamwacha nayo.