Mfereji wa Blandina

Blandina, mwanafunzi wa uuguzi, alirudi kwao Suji amenuna. Mtihani wa mishipa ya fahamu ulikuwa umemkaba kooni, na ule ugonjwa wa kinga ya mwili kutafuna ganda la mishipa hiyo uligoma kabisa kumwingia kichwani.

Asubuhi ya zamu yao ya kumwagilia, ndiva, bwawa la kijiji, ilizibuliwa kule juu, lakini shambani maji yalifika yakisuasua. Akaufuata mfereji. Fuko walikuwa wameutoboa ukingo hapa na pale, maji yakapotelea majanini.

Blandina akaduwaa. Kumbe ndivyo! Ganda la mshipa likitafunwa, ujumbe wa ubongo huvujia njiani kama maji haya. Akakitazama kidole chake cha mguu topeni, akakiamuru kicheze. Kikacheza papo hapo.

“Ee Mungu,” akanong’ona, “mfereji mrefu hivi, toka kichwani hadi kidoleni, na hakuna hata tone lililopotea!”