Mwosha Aliyefunga Bomba

Katika chumba cha kuoshea maiti msikitini, maji yalikuwa tayari yametiwa majani ya mkunazi, karafuu maiti imesagwa na sanda imekatwa, Bi Mashavu alipomfunua marehemu mdomo ili amsafishe meno. Mdomo ulikuwa umechanika kwa ndani. Akaurudisha taratibu, akamfunua kope: vidoa vyekundu vimetapakaa. Akapandisha mikono ya gauni. Alama za vidole vinne upande huu, gumba upande ule, mikono yote miwili.

Akafunga bomba.

"Kuna nini, Bi Mashavu?" aliuliza Yumna, binti wa marehemu, aliyeendesha gari mwendo wa saa nne kutoka Dallas ili amwoshe mama yake kwa mikono yake mwenyewe.

Marehemu, Bi Zuwena, alifariki alfajiri ile nyumbani kwa mwanawe Haitham, Missouri City, kando ya Houston. Alikuwa na miaka themanini na mbili, moyo mbovu, hainuki kitandani. Daktari alisaini cheti bila maswali, na maziko yalipangwa baada ya Adhuhuri. Sasa ilikuwa saa tano.

Bi Mashavu ana ugonjwa mmoja unaojulikana mtaa mzima wa Alief, hapa Houston: riwaya za polisi za Kiswidi. Aliishi Gothenburg, Uswidi, miaka kumi na moja kabla ya kuja Texas, na lugha ya kule aliijulia kwenye vitabu vya mauaji, si darasani. Aliyokuwa akiisoma wiki hiyo ilianza na bibi kizee aliyekutwa amekufa kijijini, theluji imefika dirishani. Majirani, kwa huruma zao, wakambadilisha shuka, wakamwosha uso, wakaosha na vikombe. Mpelelezi, mzee mwenye vidonda vya tumbo, anafika anakuta nyumba inanukia sabuni. Anakaa chini, anashika kichwa. Kurasa mia tatu anamtafuta muuaji ambaye majirani walishamfutia nyayo. Bi Mashavu aliwatukana majirani wale kwa sauti, peke yake ndani ya gari, kwenye maegesho ya nyumba ya wazee anakofanya kazi.

Na leo kata ya maji iko mkononi mwake yeye.

Desturi anaijua. Anachokiona mwosha kwenye mwili wa maiti hakitoki chumbani. Miaka ishirini ameosha wenye makovu na wenye mimba za siri, na hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno. Aliogopa, tena sana.

"Kaa chini, mwanangu," akamwambia Yumna. "Huyu simwoshi. Kuna mtu kamziba pumzi mama yako."

Yumna aliitazama mikono ile. Akaiweka ya kwake juu ya zile alama, kidole kwa kidole, akaiondoa haraka.

"Nilimpigia jana," akasema polepole. "Akaniambia, 'Kaka yako kanikasirikia.' Nikamwambia, 'Mama, be patient, kachoka tu.'" Akafuta uso kwa mtandio. "Piga simu, Bi Mashavu."

Akapiga polisi. Hakuwa ameweka simu chini mlango ukagongwa.

"Bi Mashavu, mnachelewesha watu," sauti ya Sheikh Abdulsalam, imamu wa msikiti ule.

"Simwoshi, Sheikh. Nimeita polisi."

Haitham akapayuka nyuma ya mlango: "Polisi wa nini? Daktari kasha-sign! Umelewa hadithi zako za Waswidi!"

"Nimelewa, ndiyo. Na mlango sifungui."

"Bi Mashavu," Sheikh akashusha sauti, "siri ya maiti ni amana."

"Siri ya maiti, ndiyo. Hii si siri yake. Hii ni ya aliyemfanyia."

"Ukitoa neno hili, hutaosha tena maiti Houston hii."

"Basi nisioshe!"

Polisi walifika baada ya nusu saa, wakiongozwa na mpelelezi mmoja mwanamke, Whitney. Swali lake la kwanza: "Ameshaoshwa?"

"Hata tone," akajibu Bi Mashavu.

Whitney aliinamia mikono ile, akamsikiliza Yumna kuhusu simu ya jana, kisha akatoka kumtafuta Haitham. Alimkuta amekaa kwenye sanduku la kuwekea viatu mlangoni mwa msikiti, hajaribu hata kusimama.

Uchunguzi ulichukua siku nne. Bi Zuwena alizibwa kwa mto. Haitham alikiri: mama alikuwa akimwita usiku kucha, maji, mgongo, maji, naye alichoka. Alichoka! Nani hajachoka Houston hii? Wamejaa wanaotoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo wakarudi nyumbani kumgeuza mzazi kitandani, na mito yao wanaitumia kulalia.

Mwili uliporudishwa, Bi Mashavu alifika na aproni yake. Mlangoni akawakuta Sheikh Abdulsalam na wazee watatu wamejipanga.

"Bi Mashavu, hakuna anayekupinga," Sheikh akaanza, macho chini. "Lakini wazee wanaona uombe radhi kwanza, kwa kuvunja desturi. Neno moja tu, mambo yaishe."

"Nimwombe nani? Haitham?"

"Uwaombe Waislamu."

"Neno hilo sinalo, Sheikh. Nipekue mpaka mfukoni, hulipati."

"Basi tutamwita mwosha mwingine kutoka msikiti wa Katy."

Yumna akatoka nyuma yao. Alikuwa hajalala siku nne, na ilionekana. "Mfiwa ni mimi," akasema. "Mwosha wa mama yangu ni huyu. Mkikataa, nampakia sasa hivi nikamzike Dallas, na kila atakayeniuliza kwa nini nitamwambia."

Mzee mmoja akakohoa, akamtazama Sheikh.

"Na jingine," Bi Mashavu akasema, akifunga aproni palepale mbele yao. "Kesho akiletwa mwingine mwenye alama za vidole, nitapiga simu tena. Kesho kutwa pia. Liandikeni hilo kwenye mkutano wenu. Sasa nipisheni, maiti anangoja."

Sheikh Abdulsalam akaondoa mguu wake mlangoni.