Kipimo cha Bi Maimuna

Furaha Kunambi alifika kwenye kiwanda cha viungo cha Luqmani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, akiwa na sanduku la pampu tatu ndogo alizozipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Alikuwa mpimaji wa hewa mahali pa kazi. Kazi yenyewe aliianza mwaka jana tu, kwa hiyo bado alikuwa na ile raha ya mtu anayejua jambo ambalo wengine hawalijui. Mama yake kule Mazimbu alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake anapima hali ya hewa, na Furaha alishachoka kumsahihisha.

Kiwanda hakikuwa kikubwa. Kilikuwa jengo moja la bati pembeni mwa mji wa Morogoro, ambamo mdalasini, karafuu na pilipili manga kutoka Kinole na vijiji vingine vya milimani vilisagwa, vikachekechwa na kufungwa kwenye pakiti. Ukipita barabarani, harufu yake ilikufanya utamani chai. Ukiingia ndani mambo yalikuwa mengine kabisa. Vumbi la kahawia lilitanda kuanzia sakafuni hadi darini, na Furaha alipiga chafya saba kabla hajamaliza kusalimia watu. Barakoa zilikuwapo, zimening'inizwa kwenye msumari, safi kabisa kwa sababu hakuna aliyezivaa. Zinaleta joto, walimwambia. Halafu mdalasini ni dawa, utajikingaje na dawa?

Luqmani, mwenye kiwanda, hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kupimiwa hewa, baada ya mfanyakazi mmoja kuacha kazi kwa kukohoa. Alikuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja mwaka huu: ama feni kubwa ya kufyonza vumbi, ama mashine ya pili ya kusagia.

"Kesho baada ya sala ya Ijumaa nampigia fundi," alimwambia Furaha bila kuzunguka. "Hewa ikiwa mbaya, naagiza feni. Ikiwa nzuri, naagiza mashine. Nitakwenda na kipimo chako."

Furaha alimweleza kwamba uzito kamili wa vumbi ungetoka maabara baada ya wiki mbili, lakini kwa vumbi la namna hii rangi ya kichujio peke yake ingetosha kumpa jibu. Mashine ya pili katika chumba kile ingekuwa balaa, na hilo hakuhitaji pampu kulijua.

Wafanyakazi wa kupimwa walikuwa watatu. Idrisa alichekecha, Rose alifunga pakiti, na Bi Maimuna alilisha mashine. Huyu wa mwisho alikuwa mama wa makamo, mtu wa Kinole, mwenye sauti ya chini, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesimama mbele ya mdomo wa mashine ileile. Wenzake walimtii kuliko walivyomtii bosi.

Furaha alimwamkia shikamoo, akaanza kuwavisha mmoja mmoja. Pampu ilikaa kiunoni, mpira mwembamba ukapanda begani, na kwenye ukosi kikabanwa kikopo kidogo chenye kichujio cheupe ndani yake. Pampu huvuta hewa kama mtu anavyovuta pumzi, aliwaeleza, na vumbi hubaki kwenye kichujio. Alieleza vizuri sana. Kisha, kwa kuwa aliwahi kuona pampu moja ikidondoshwa kwenye pipa la rangi, akaongeza maneno ambayo baadaye alitamani angeyameza.

"Vifaa hivi ni vya ghali, na mimi mwenyewe nimeviazima ofisini. Naombeni mvitunze."

Bi Maimuna akaitikia kwa kichwa, kwa uzito wote.

Utaratibu ulimtaka Furaha awakague wafanyakazi kila saa. Saa ya kwanza, mashine ikiwa bado haijawashwa, alikagua. Baada ya hapo Luqmani alisema mgeni hawezi kuachwa vumbini, akamwingiza ofisini kwenye chai na vitumbua. Kulikuwa na dirisha la kioo, na kupitia dirisha hilo Furaha aliona taa za kijani za pampu zikiwaka viunoni mwa watu. Akaona inatosha. Ukweli ni kwamba vitumbua vilikuwa vitamu.

Saa kumi jioni akafungua vikopo mezani, Luqmani akiwa amesimama karibu. Kichujio cha kwanza kilikuwa cheupe. Cha pili, cheupe. Cha tatu, cha Bi Maimuna aliyesimama siku nzima kwenye mdomo wa mashine, kilikuwa cheupe kama kilivyotoka kwenye pakiti yake.

"Alhamdulillahi," alisema Luqmani, na uso wake ulionyesha kwamba mashine ya pili alishaipatia mahali pa kukaa.

Furaha alipenga kamasi, akaitazama leso yake. Ilikuwa ya kahawia. Alizijaribu pampu zote tatu, zikavuta hewa bila tatizo. Akatoka hadi bombani, ambako wafanyakazi walikuwa wakinawa. Bi Maimuna alimpokea kwa tabasamu la mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Umeona tulivyokutunzia, mwanangu?"

Akatoa mfukoni vipande vitatu vya kanga kuukuu, kila kimoja kimekunjwa mara nne. Furaha alipoingia kwenye chai, Bi Maimuna alikuwa amekifunika kila kikopo kwa kitambaa na kukifunga kwa uzi, na vitambaa aliviondoa kazi ilipokwisha. Kwa nje vilikuwa vimekolea rangi ya mdalasini. Kwao, alieleza, ukiazima ungo wa mtu, unaukung'uta na kuupangusa ndipo unaurudisha. Sembuse kifaa cha ofisi.

Hasira ilimpanda Furaha, kisha ikashuka alipokumbuka vitumbua.

"Lakini mama, kwa nini uliogopa kisiingie vumbi?"

"Lile vumbi? Lingekiua. Halifai ndani ya kitu."

"Na kifua chako, mama? Chenyewe umekifunika na nini?"

Bi Maimuna alicheka. Kisha akaacha kucheka, akakikunja kitambaa kimojawapo mara ya tano.

"Kifua ni changu," alisema. "Sijaazima kwa mtu."

Furaha alirudi kwa Luqmani, akamweleza yaliyotokea bila kuficha sehemu ya chai, akamwomba nusu siku ya kesho. Kisha akampigia simu mkuu wake, akasemwa vya kutosha, akaruhusiwa kukaa na pampu hadi basi la mchana la kurudi ofisini. Alikuwa amebakiwa na vichujio vitatu tu.

Ijumaa Bi Maimuna hakutaka kuvishwa tena. Alikuwa amemharibia mtoto wa watu kazi, alisema, na aibu hiyo ilimtosha. Furaha hakumpa somo. Alimwambia kwamba leo anamwazima kifaa ili akichafue, na kikirudi kisafi watakosana. Rose alicheka hadi akakalia gunia, na Bi Maimuna akainua mkono avishwe.

Safari hii Furaha alivaa barakoa, akasimama ndani asubuhi nzima. Chai ilipoitwa hakwenda. Basi Luqmani akaileta mwenyewe, akakuta hakuna pa kuiweka ambapo haitaingia vumbi, akabaki amesimama na kikombe mkononi.

Saa sita kasoro robo Furaha alifungua vikopo palepale walipokuwa wamesimama, bila kuwavua. Cha Rose kilikuwa na rangi ya mchanga. Cha Idrisa kilikuwa cha kahawia. Cha Bi Maimuna kilikuwa cheusi kama ukwaju, na hayo yalikuwa ya asubuhi moja.

Luqmani aliinama kukitazama. Kisha akampungia Idrisa mkono: zima.

Siku zote Bi Maimuna hutangulia kutoka kwenda kunawa, na Idrisa huzima mashine mwisho. Siku hiyo mashine ilizimwa kila mtu akiwa bado mahali pake. Kimya kilipoingia wakasikia sauti nyembamba ikipiga mluzi, inakatika, inaanza tena. Idrisa akainama kuangalia mkanda wa mashine. Mkanda ulikuwa umetulia.

Ilikuwa inatoka kifuani mwa Bi Maimuna.

"Dada Maimuna," alisema Luqmani polepole, "hiyo imeanza lini?"

"Siku nyingi." Aliangalia chini. "Mashine huwa inanisitiri."

Luqmani aliweka kikombe sakafuni, akatoa simu, akampigia fundi kabla ya sala. Alisema feni, akairudia mara mbili ili asikosewe, na akasema kwamba hadi itakapofungwa mashine haitawashwa. Bi Maimuna akauliza kama Jumatatu aje au asije. Luqmani akamwambia aje, atachambua karafuu pale barazani kwenye upepo, lakini kwanza ataanzia hospitali, na gari atatoa yeye.

Bi Maimuna akachomoa kikopo kwenye ukosi wake, akamkabidhi Furaha pampu ikiwa na vumbi lake lote, bila kuipangusa.