Zamu ya Saa Tisa

Usingizi unamchukua Gwamaka nyuma ya jukwaa, mchana kweupe, saksafoni ikiwa mapajani. Ni tamasha la jazi la kila kiangazi katika bustani ya jiji. Miaka tisa ameomba nafasi akinyimwa, mwaka huu ndio amepewa, zamu ya saa tisa alasiri. Na kwenye viti vya mbele ameketi baba yake, Mzee Ambakisye, mwalimu wa matarumbeta ya kanisani, aliyeuita muziki huu kelele za walevi tangu mwanawe akiwa kijana, na leo ndiyo mara ya kwanza amekubali kuja kusikiliza. Gwamaka anafumba macho dakika moja tu, apumzishe kichwa, na anapoyafumbua yuko nje ya uzio wa bustani. Anazunguka kutafuta lango. Barabara inapinda, inanyooka, inapinda tena, na kila inapoishia ni uzio uleule, na ng'ambo ya uzio bendi zinapiga na yeye hayumo. Kwenye kona amesimama mlinzi mwenye kofia, na chini ya kofia hamna uso, ni ngozi tupu kama ganda la yai. Ndugu yangu, lango liko wapi? Gwamaka anauliza. Lango halikai mahali, mlinzi anajibu, hukaa wakati. Wakati gani? Uliopita. Nina zamu saa tisa, bwana, jina langu limo kwenye orodha! Jina nimeliona, mlinzi anasema, mwenyewe ndiye hayumo.

Anaondoka akisonya, na barabara inamwingiza katika mji ambao kuta zake zote ni vioo, na katika kila kioo mna jukwaa, mna baba yake anatazama saa ya mkononi. Anakimbilia kioo hiki, kinageuka barabara. Anakimbilia kile, barabara. Mama muuza mahindi ya kuchoma anageuza mahindi yake, naye hana uso. Mama, nionyeshe njia, nimechelewa. Anayeukimbilia wimbo, mwanangu, huupita. Gwamaka anafoka, machozi ya hasira yakimlenga: nauliza njia mnanipa mafumbo, hakuna hata mmoja wa kuniambia kushoto au kulia? Kushoto, mama anasema, na kulia.

Basi anauparamia uzio, suruali inachanika, anaangukia jukwaani penyewe. Anapuliza. Saksafoni haitoi sauti. Anapuliza tena, mishipa ya shingo imemtoka, kimya, na umati usio na nyuso unapiga makofi.

Baba Tuntufye, amka. Ni mkewe Sekela, mpiga kinanda wa bendi yake, anamtikisa bega. Saa ngapi? Kumi na nusu. Gwamaka anaruka. Zamu yetu! Zamu gani tena? Sekela anacheka, tumeshapiga, watu wote wakasimama, ukarudi hapa ukajilaza. Sijapiga, Sekela! Hata sauti moja sijaisikia! Kicheko kinamkauka mkewe. Mzee Ambakisye anakuja taratibu, macho mekundu, anaushika mkono wa mwanawe kwa mikono miwili. Wimbo ule wa mwisho, anasema, miaka yote hii ulikuwa umeuficha wapi? Upi, baba? Mzee anauimba kwa mdomo uliofumbwa, polepole, wimbo mzuri kuliko wowote ambao Gwamaka amewahi kuutunga, na hajapata kuusikia maishani. Hajui ameamkia upande upi wa ndoto. Rudia, baba, anamsihi, rudia tena, na anaitia saksafoni mdomoni, vidole vikipapasa, akihangaika kuushika kabla mzee hajausahau.