Mahali pa Kutua

Sindano ya tatu iliingia pembeni ya pia ya goti, na Eusebio Madrigal akauma taulo. Daktari wa timu, ambaye siku za kawaida alitibu nyati wa kulimia na nguruwe wa mkoa, hakumtazama usoni. Alisukuma ganzi mpaka tone la mwisho, akafuta damu kwa kidole gumba, akaenda zake.

Yalikuwa mapumziko ya fainali ya mpira wa kikapu. Juu ya dari mashabiki waligonga viti, vumbi likawaangukia wachezaji vichwani. Sebyo, kama walivyomwita, alikuwa na miaka thelathini na tano. Amecheza Manila miaka minne na mikoani miaka tisa, mkataba wa mwezi hadi mwezi. Kila mwezi alipata timu kwa sababu alikubali kazi ambayo wenye vipaji hawaitaki, kupiga na kupigwa. Msimu huu peke yake kiwiko cha mtu kimeng'oa meno yake mawili.

Kocha Abadilla aliwatoa wenzake nje. Akabaki Sebyo, na mlinzi mwenye bastola kiunoni, mtu wa Gavana aliyemiliki timu, akimenya karanga za kuchemsha.

"Yule dogo ametufunga pointi ishirini na sita," kocha alisema.

"Nimeziona."

"Gavana pia ameziona. Kaniambia nikukumbushe ile nafasi."

Sebyo aliacha kukanda goti. Ile nafasi ilikuwa ajira ya kudumu katika ofisi ya mkoa. Timu nzima iliandikwa huko kama vibarua, huyu mtunza bustani, yule fundi bomba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika koleo. Kibarua hufutwa siku goti lake likifa. Wa kudumu hutibiwa, hupewa pensheni, huzeeka kama watu. Kila uchaguzi kwa miaka sita Sebyo ameahidiwa hiyo nafasi, na kila mara ameamini.

"Barua iko mezani," mlinzi alisema na kutema ganda. "Nimeiona kwa macho yangu. Inangoja sahihi tu."

"Na nini kingine?"

Kocha aliutazama mlango. "Yule dogo akiruka, si lazima atue mahali?"

Sebyo alielewa. Kiwiko cha mbavu ni kazi. Kumkanyaga mtu vidole, kumtukania mama yake sikioni, ni kazi pia, na baadaye mnakunywa bia pamoja. Lakini mtu aliye hewani humwekei mguu mahali pake pa kutua. Hata wachezaji wakatili hawafanyi hivyo. Goti la Sebyo mwenyewe lilivunjwa hivyo Manila, na aliyemvunja hakusalimiwa tena na mchezaji yeyote.

"Kocha, yule mtoto alikuja kunisalimia leo."

"Basi tutampelekea matunda hospitali."

Ni kweli alimsalimia. Kabla ya mechi Jomar Talaid, mwenye miaka ishirini na mmoja, aliinama mbele ya timu zote mbili, akauchukua mkono wa Sebyo na kuuweka kwenye paji la uso wake, kama wajukuu wafanyavyo kwa babu zao.

"Shikamoo babu. Usije ukafia hapa, nitakosa wa kunipiga."

Watu walicheka, na Sebyo akacheka nao. Kisha kijana akashusha sauti. "Kaka, bila utani, umedumu vipi miaka yote hii? Mama ananiuliza mchezo utatulisha mpaka lini, sina jibu."

"Tukimaliza mechi nitakwambia."

Kipindi cha pili Sebyo alianza na mambo ya kawaida, akiomba moyoni yatoshe. Alimpiga Jomar bega la kifuani. Alimchana nyusi kwa kiwiko, damu ikaingia jichoni. Kijana alijifuta, akafunga. Akaangushwa sakafuni, akaamka, akafunga tena. Alikuwa mzuri kiasi cha kukera.

Zikabaki dakika mbili. Gavana aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, mikono nyuma, akimtazama Sebyo peke yake.

Jomar aliruka. Sebyo hakuunyoosha mkono kuzuia mpira. Aliusogeza mguu wa kushoto mbele, polepole, akauacha pale.

Kifundo cha kijana kiligeuka nje na mfupa ukatoboa soksi. Mpira ulikuwa umeshaingia. Jomar alikaa akiutazama mguu wake kwa mshangao, na mayowe yakaja baadaye. Chupa zilishuka, kisha viti, kisha watu wenyewe. Ndugu wa Jomar walimkamata Sebyo chini ya kikapu. Mmoja alimshika nywele, mwingine akainua kiti cha chuma na kukishusha gotini, mara moja, mbili, mara nne. Ganzi ilikuwa bado inafanya kazi. Aliona goti linabonyea na hakusikia chochote. Mlinzi wa Gavana alifyatua risasi juu baada ya Gavana kutolewa nje salama.

Miezi kumi baadaye Sebyo alikuwa bawabu wa uwanja ule ule, na fimbo ya kutembelea. Kwenye vitabu vya mkoa bado alikuwa kibarua, mtunza bustani. Barua yake iko mezani, waliendelea kumwambia, inangoja sahihi.

Asubuhi ya mazoezi ya kwanza Jomar alifika akichechemea, amevaa jezi ya timu ya Gavana. Mkono wa Sebyo hakuugusa.

"Wamekuita wewe?" Sebyo aliuliza.

"Siwezi tena kuruka. Kocha anasema kupiga mtu hakuhitaji kuruka." Alikitazama kifundo chake. "Wameniahidi ile ya kudumu. Barua iko mezani."

Sebyo aliingiza ufunguo kwenye kufuli la lango.

"Mechi iliisha, Kaka," Jomar alisema. "Ulisema utaniambia umedumu vipi."

Ndani, daktari wa mifugo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, sanduku mkononi, akimwita kijana kwa kidole. Sebyo alifungua lango. Akalivuta taulo lililokuwa begani mwake, akampa.

"La nini hili?"

"La kuuma."